Aliyelipa Ndiye Anayefungiwa

Ukipita Kawangware Jumamosi, ukashukia steji ya 46 na kukata kuelekea Gatina, utakutana na biashara iliyotabiriwa kifo miaka nenda miaka rudi na bado inapumua. Ni kile kibanda cha mabati chenye kompyuta moja ya mitumba, spika mbili zilizoelekezwa barabarani, na kijana anayewajazia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Kuta zilizokuwa zimejaa sidii na DVD za shilingi hamsini zimebaki na kava chache zilizopauka, katikati ya chaja na kava za simu. Kibera ni hivyohivyo, utoke Olympic uelekee Makina au ufuate reli hadi Laini Saba.

Wanaonishangaza ni wateja. Wengi siku hizi wana simu za kisasa, na baadhi yao hulipia apu za muziki kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Hata hivyo wamesimama pale wakisubiri kujaziwa nyimbo zilezile walizokwisha kuzilipia. "Mathe, si hizi uko nazo kwa simu?" kijana huuliza. Jibu huwa karibu sawa kila mahali: ziko, lakini zimekataa kutoka. Wufa ya nyumbani ina tundu la flashi, haina apu. Wimbo uliolipiwa umefungiwa ndani ya simu, na simu ameenda nayo baba kazini.

Niseme msimamo wangu mapema ili tusipotezeane wakati. Kufuli inayotiwa ndani ya muziki haijawahi kumzuia mwizi. Humzuia aliyelipa. Tuna ushahidi wa zaidi ya miaka ishirini, tangu enzi ya sidii, kwamba mnunuzi akigundua amefungiwa kitu alichokinunua kwa jasho lake hukasirika, kisha humrudia mwizi. Humrudia kwa sababu moja tu: mwizi ndiye anayemuuzia kitu kinachofanya kazi.

Kikulacho ki nguoni mwako

Kisa ambacho kila mwenye apu ya muziki angepaswa kukijua kilitokea Marekani mwaka 2005. Mtaalamu wa kompyuta aitwaye Mark Russinovich alikuwa akikagua mashine yake alipokuta programu iliyojificha kwa ustadi ambao kwa kawaida huonekana kwa wahalifu. Hakuiweka yeye. Alipoifuatilia nyayo akafika kwenye sidii aliyoinunua kihalali, ya kundi la Van Zant, ndugu wawili waimbaji wa kantri. Mwenye kuiuza alikuwa Sony BMG, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za muziki duniani. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo akaandika hadharani alichokiona, na moto ukawaka.

Programu yenyewe iliitwa XCP, na ilitengenezwa na kampuni ya Uingereza iitwayo First 4 Internet. Ukitia sidii kwenye kompyuta ya Windows, ilikutolea mkataba mrefu uukubali ndipo usikilize. Ukibofya kukubali, ilijipenyeza hadi kwenye mizizi ya mfumo na kukaa huko. Kazi yake ilikuwa kukuzuia usitoe nakala zaidi ya tatu za sidii yako. Ili usiione wala usiing'oe, ilificha kila faili ambalo jina lake lilianza na alama fulani. Mkataba haukusema kwamba kuna kitu kitajificha. Njia ya kuiondoa haikuwepo, na ukijaribu kuifuta kwa mkono, kompyuta ingeweza kuacha kabisa kuitambua sidii yoyote.

Tena mlango ule wa uficho haukuwa na bawabu. Yeyote aliyejua ile alama aliweza kukiita kirusi chake kwa jina linaloanza nayo, nacho kikafichwa pamoja na mali ya Sony BMG. Haikuchukua hata wiki mbili baada ya ufichuzi, virusi vya namna hiyo vikaanza kusambaa. Mtu wa Nairobi ambaye flashi yake imewahi kurudi kutoka saiba folda zote zikiwa zimegeuka shotikati anaelewa hofu hiyo bila kufundishwa. Tofauti ni kwamba huyu wa Marekani hakuupata ugonjwa kwa mchuuzi wa kando ya barabara. Aliununua dukani, kwa bei kamili, na risiti akapewa.

Mkuu mmoja wa Sony BMG aliyeshughulikia biashara ya kidijitali, Thomas Hesse, alipoulizwa redioni alijibu kwa namna ambayo haijasahaulika: kwamba watu wengi hata hawajui hicho kitu ni nini, basi kwa nini wajali? Nimewahi kusikia hoja ya aina hiyo kutoka kwa wenye vyeo wa huku kwetu pia, kuhusu maji, kuhusu stima, kuhusu ardhi. Asiyejua anachofanyiwa huhesabiwa kuwa ameridhika.

Mkataba wenyewe nao ulikuwa kioja. Wanasheria wa shirika la EFF, linalotetea haki za watumiaji wa teknolojia, waliusoma hadi mwisho, jambo ambalo hakuna mnunuzi aliyelifanya. Wakakuta kwamba sidii yako ikiibwa, unatakiwa kufuta nakala zote ulizobaki nazo. Ukitangazwa kufilisika, ufute. Ukihamia nchi nyingine, nyimbo usiende nazo. Na kama bidhaa yao ingekuharibia kompyuta, kampuni ilijipa mpaka wa kukulipa usiozidi dola tano. Hebu upeleke mkataba huo Gatwekera ya Kibera au Kongo ya Kawangware, ambako mwizi hutoboa bati usiku na moto wa jirani huweza kuteketeza mlolongo mzima wa nyumba kabla zimamoto hawajapata njia ya kupita. Mtu ameponea na kompyuta begani, sidii zimeungua, halafu sheria ya karatasi inamwambia afute na zilizomo ndani!

Wanunuzi hawakunyamaza. Walijaza maoni ya hasira mahali sidii hizo zilipouzwa, wakazirudisha madukani, wakafungua kesi. Mkuu wa sheria wa jimbo la Texas, Greg Abbott, aliishtaki kampuni kabla Novemba haijaisha. Sony BMG ikazirudisha ghalani sidii za XCP: zilikuwa zimetolewa milioni 4.7 za albamu 52, na milioni 2.1 zilikwisha kuuzwa. Programu waliyoitoa ili watu waondoe kufuli ikagunduliwa kwamba nayo inafungua tundu jingine la usalama. Mtafiti Dan Kaminsky akapata dalili za XCP katika zaidi ya mitandao laki tano duniani. Mwishowe kampuni ilikubali kuwalipa wateja, na Januari 2007 tume ya biashara ya Marekani ikailazimisha kufidia hadi dola 150 kwa kila mtu aliyelazimika kutengenezewa kompyuta.

Kuna chembe moja ya kisa hiki ambayo hunichekesha kila nikiikumbuka. Wachunguzi walipoipasua XCP walikuta ndani yake vipande vya programu huria iitwayo LAME, vilivyotumiwa bila kufuata masharti ya waliovitunga. Yaani askari wa hakimiliki alikamatwa na mali ya wizi mfukoni.

Na msanii? Neil Diamond, ambaye wazee wengi wa Nairobi wanaopenda kantri na nyimbo za taratibu wanamjua vizuri, alikuwa ametoa albamu mwezi uleule wa Novemba 2005 baada ya kusubiriwa sana. Ilianza vyema sokoni, kisha ikakutwa na kufuli ya XCP na kuondolewa rafuni ikiwa bado ya moto. Aliyedaiwa kulindwa ndiye aliyekosa mauzo.

Kidole kimoja kwenye Shift

Sony BMG haikuwa ya kwanza kujaribu. Mwaka 2001 huko Uingereza, BMG ilitoa albamu ya Natalie Imbruglia ikiwa na kufuli, na wanunuzi wakalalamika kwamba haichezi vizuri kwenye mashine zao. Kampuni ikalazimika kuwabadilishia. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Celine Dion, ambaye sauti yake haikukosa kwenye harusi yoyote ya Nairobi ya miaka ile. Sidii yake iliyouzwa Ulaya ilikuwa imefungwa isichezwe kwenye kompyuta. Watu wakagundua kwamba ukipaka wino wa kalamu nene kwenye ukingo wa nje wa sidii, kufuli inafunguka. Teknolojia ya mamilioni ya dola ilishindwa na kalamu ambayo mama mboga huandikia bei ya sukuma.

Mwaka 2003 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Alex Halderman, alichunguza kufuli nyingine ya kampuni ya SunnComm. Aligundua kwamba ukibonyeza kitufe cha Shift wakati unatia sidii, programu ya ulinzi haijipakii na unanakili utakavyo. SunnComm ilitishia kumshtaki kwa mamilioni, kisha ikaona aibu na kughairi. Philips, ambao pamoja na Sony ndio waliobuni sidii, walikwisha kusema kwamba vitu hivi vya kufuli havistahili kubeba nembo rasmi ya sidii, maana vimekiuka kanuni za sidii yenyewe.

Sasa jiulize: katika visa vyote hivi, mwizi alikuwa wapi? Mwizi alihitaji nakala moja tu iliyofunguliwa, na kuipata hakukumchukua hata siku. Baada ya hapo kila nakala aliyoiuza ilikuwa safi, haina mkataba, haina programu ya kujificha, inacheza popote. Ni kama lendilodi wa Kibera ambaye, kwa hasira ya wapangaji waliotoroka usiku na deni, anampiga kufuli mlangoni yule aliyelipa kodi tarehe tano.

Sisi huku tulikutana na jambo hilihili kwa upande wa filamu. Dunia iligawanywa kanda za DVD, Marekani kanda ya 1, sisi wa Kenya tukatiwa kanda ya 5 pamoja na India na Urusi. Shangazi aliye Marekani akikuletea filamu halali aliyoinunua kwa hela zake, mashine inayofuata kanuni inaikataa. Lakini Luthuli Avenue palikuwa na mashine za Kichina za bei nafuu ambazo hazikujali kanda wala nini. Familia za Kawangware zilinunua zipi? Jibu linajulikana. Hakuna maandamano yaliyofanyika wala barua iliyoandikwa kwa mhariri. Watu walipiga kura kwa pochi, na kanda zile zikawa herufi ndogo tu nyuma ya kasha.

Kibandiko cha River Road

Hapa Kenya kufuli yetu kubwa haikuwa ndani ya sidii. Ilikuwa juu ya kava. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyoanza kutumika 2003, iliagiza kwamba kazi za sauti na za picha zinazouzwa ziwe na kibandiko maalumu cha kuthibitisha uhalali, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ikapewa kazi ya kukisimamia. Kile kistika chenye kung'aa ndicho kilichotenganisha halali na haramu, angalau kwenye karatasi.

Nakitetea kwa jambo moja. Kilikaa mahali pake. Hakikuingia kwenye mashine ya mtu, hakikumpeleleza, hakikumzuia kumwazima jirani sidii. Ukimaliza kununua, shughuli kati yako na mwenye duka imekwisha. Tanzania nao walifuata njia ya aina hiyo mwaka 2013, mamlaka ya kodi ilipoleta stempu za kubandikwa kwenye kazi za muziki na filamu.

Lakini ni nani aliyebeba mzigo wa kibandiko? Mwenye duka mwaminifu wa River Road, ambaye alipaswa kukiomba, kukilipia na kukibandika kimoja kimoja. Aliyechoma sidii usiku na kuandika jina la mwimbaji kwa kalamu nene hakuwahi kupanga foleni ya kibandiko chochote. Misako ya polisi ilipofika, ilifika mara nyingi kwa mchuuzi wa kando ya njia mwenye sidii kumi na tano kwenye gunia, wakati mwenye mashine za kuchoma mia kwa mara moja amekaa ghorofani na chai yake. Barabara hiyohiyo ndiyo iliyolea benga na mugithi. Marehemu mwanamuziki Joseph Kamaru alikuwa na duka lake la City Sounds pale. Maduka ya namna ile yalipoanza kufungwa, aliyepoteza zaidi alikuwa mtu aliyetaka kununua nakala halali. Akitoka Kawangware na nauli yake mkononi, aipate wapi?

Na bei haikumsaidia. Sidii halisi kutoka nje iliuzwa kwa pesa ambazo kibarua wa mjengo alizipata kwa siku kadhaa. Chini ya ghorofa ileile, nakala ya kuchomwa ilikuwa hamsini, nyimbo mia na zaidi kwenye diski moja, Rose Muhando kando ya Don Williams kando ya ohangla. Tusijidanganye kwamba hilo lilikuwa suala la maadili peke yake.

Msanii naye atakula nini?

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Najua kuna msomaji ambaye ameshakasirika akisema natetea wizi wa kazi za wasanii. La. Wimbo una studio, una mpiga gitaa, una nauli ya kwenda kurekodi, na kijana wa Kibera anayerap ana kodi ya nyumba kama mimi na wewe. Octopizzo aliibuka Kibera akaonyesha kwamba mtaa unaweza kutoa nyota. Nyota hula pia.

Ninachosema ni kwamba aliyemnyima msanii chakula ametafutwa mahali pasipo. Mwaka 2019 wasanii wa Kenya walishika vichwa magazetini na mitandaoni baada ya kupokea mirabaha ya shilingi 2,530 kila mmoja. Hizo ni pesa zilizokusanywa kutoka kwa mahoteli, matatu, vinyozi na baa zilizolipia leseni ya kucheza muziki. Miaka miwili kabla, KECOBO ilikuwa imekataa kuipa leseni MCSK, chama kilichokusanya mirabaha tangu miaka ya themanini, na kuipa chama kingine, MPAKE, badala yake. Vuta nikuvute ikaishia mahakamani. Katika mvutano wote huo, mwenye wufa wa Gatina alikuwa ameiba nini? Kinyozi alilipa. Matatu ililipa. Pesa ziliyeyuka kati ya aliyelipa na aliyeimba, na hakuna kufuli ya sidii ingeziba tundu hilo.

Wananchi wa kawaida wako tayari kulipa wakirahisishiwa. Skiza ya Safaricom ilithibitisha hilo: mamilioni ya watu wamekuwa wakikatwa pesa ndogondogo ili mpigaji asikie wimbo wanaoupenda. Hakuna aliyewashikia bunduki. Malalamiko ya wasanii juu ya Skiza yamekuwa kuhusu mgao, nani anabaki na kiasi gani. Sijasikia msanii akilalamika kwamba Wakenya wamekataa kununua.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Mdundo, iliyozaliwa hapahapa Nairobi mwanzoni mwa muongo uliopita. Wao walitazama kibanda cha kujaza nyimbo na badala ya kukilaani wakakiiga. Unapakua wimbo kwenye simu yako, faili la kawaida la MP3, unalihamisha kwenye flashi, unampa jirani, linacheza kwenye wufa. Pesa zinatoka kwa wenye matangazo, na msanii anapata mgao. Mwaka 2020 kampuni hiyo iliorodheshwa kwenye soko la hisa huko Copenhagen. Sisemi mgao wake unamtosha msanii. Kuna mengi ya kuuliza hapo. Lakini hoja kwamba muziki usio na kufuli hauwezi kuwa biashara ilifia hapo.

Wakubwa wenyewe walikwisha kukubali. EMI iliacha kufunga sidii, na mwaka 2007 ikawa ya kwanza kati ya kampuni kubwa kuuza nyimbo zisizo na kufuli kwenye duka la iTunes. Ilipofika 2009 duka hilo lilikuwa likiondoa kufuli kwenye nyimbo za kampuni zote kubwa. Muziki haukufa.

Kufuli imehamia simuni

Basi kwa nini nayachimbua haya leo, wakati kompyuta mpya hata haina mahali pa kutia sidii? Kwa sababu kufuli ilifukuzwa mlangoni ikarudi kwa dirisha, na safari hii imekuja na adabu zaidi. Haijifichi tena kwenye mizizi ya Windows. Imevaa sura ya huduma.

Spotify ilifika Kenya Februari 2021, na kabla yake Boomplay ilikuwa tayari ikija ndani ya simu za Tecno hata kabla hujaiomba. Unalipa, unapakua nyimbo, unasikiliza bila bando. Mpaka hapo ni vizuri, na kwa mtu wa ofisini mwenye simu yake peke yake hakuna tatizo. Lakini faili ulilopakua si lako. Kwenye Spotify simu isipoingia mtandaoni kwa siku 30 nyimbo zinakataa kucheza. Ukiacha kulipa, zinakatika. Simu ikiibwa kwenye foleni ya matatu ya nambari 8, ukanunua nyingine, unaanza upya kwa bando lako. Na kuzitoa zikaingia kwenye flashi ya wufa haiwezekani kabisa, hata uwe umelipa miaka mitano.

Mwenye kutunga kanuni hizi alikuwa na nyumba ya namna gani akilini? Bila shaka ile ambayo kila mtu ana simu yake, intaneti haikatiki, na ada ya mwezi hukatwa benki bila mtu kushtuka. Nyumba ya futi kumi kwa kumi ya Lindi, Kibera, haiko hivyo. Pale simu moja ni ya watu wanne, na mwezi wa Januari ada ya shule ikigonga mlango, muziki ndio wa kwanza kukatwa. Kwa nyumba hiyo, kununua kitu kuna maana moja: kikishalipiwa kinabaki, pesa ziwepo zisiwepo. Mzee aliyenunua kanda za D.O. Misiani miaka ya themanini anazo hadi leo. Anaweza kuziuza Toi Market, kumwachia mwanawe, au kuzipeleka matangani Siaya. Binti yake anayelipa kwa mwezi ameshatoa pesa nyingi kuliko baba, na hana cha kumwachia mtu.

Kuna wanaofananisha hili na simu za mkopo wa kila siku, zile zinazojifunga usipolipa. Mimi naona ni tofauti, japo nazo hazinifurahishi. Anayechukua simu ya mkopo huambiwa tangu siku ya kwanza kwamba ukikosa kulipa inajifunga, na deni likiisha kufuli inaondoka daima. Kwa muziki, deni haliishi.

Tulipie mara ngapi?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidi kikamilifu alichokinunua. Apu ngapi zinakuandikia kwa Kiswahili, kwa maandishi unayoweza kuyasoma bila miwani, kwamba nyimbo hizi hazitatoka kwenye simu hii na zitapotea ukiacha kulipa? Hilo liandikwe pale penye kitufe cha kulipia, kabla ya PIN ya M-Pesa, si ukurasa wa thelathini wa masharti.

Halafu kuna jambo ambalo watu wachache wanalijua. Sheria ileile ya Hakimiliki ya 2001 inamruhusu mtu kujitolea nakala moja ya muziki kwa matumizi yake binafsi. Kwa ajili ya ruhusa hiyo, mwenye haki za muziki anastahili fidia, na fidia hiyo sheria inataka itoke kwenye tozo inayowekwa juu ya vifaa vya kurekodia vinapoingia nchini. Ni mpango wa haki: wewe unanakili nyumbani, msanii anapata chake kupitia kifaa. Lakini sheria hiyohiyo inasema ukizunguka kizuizi cha kiufundi kilichowekwa kulinda kazi, umetenda kosa. Kwa hiyo nakala unayoruhusiwa kuitoa, ukiitoa penye kufuli, unashtakiwa.

Tozo ya namna hiyo ikitiwa kwenye simu na flashi, atakayeilipa ni mnunuzi wa mwisho, huyuhuyu wa Kawangware na Kibera, maana mwenye kontena bandarini huongeza kila senti kwenye bei. Sina shida na msanii kupewa fidia. Ila wabunge wa Dagoretti Kaskazini na Kibra, ambao wapiga kura wao ndio watakaoilipa bila kuiona kwenye risiti, wana swali moja la kuwauliza KECOBO na wenye apu kabla ya kuinua mkono kuipitisha: mtu aliyelipa ada ya mwezi, akalipa tozo ya kunakili ndani ya bei ya flashi, ataipata wapi ile nakala yake moja? Kama jibu ni kwamba apu haimruhusu, basi kanuni ziseme wazi kwamba apu inayouza muziki Kenya itoe faili moja linaloweza kuhamishwa, au vifaa vyetu visitozwe hata shilingi.